Kilio huanza mfiwa, na wimbo vivyo hivyo

Mwaka 1971 bendi ya wanajeshi wa kikosi cha saba cha Kenya Rifles, wenye kambi yao Langata jijini Nairobi, ilitoa wimbo uitwao "Emily" na jina la bendi likapanda. Mwaka uliofuata ajali ya barabarani ikawaua wanamuziki wake kadhaa kwa siku moja. Bendi hiyo ni Maroon Commandos, na kiongozi wake alikuwa Habel Kifoto, mwana wa Taita. Ilipofika 1977 Kifoto alikuwa amerudi kwenye redio za nchi nzima na wimbo wa lugha ya kwao Kidawida, "Charonyi ni Wasi", unaozungumzia ugumu wa kuwa safarini, mbali na nyumbani. Wakenya wasiojua hata neno moja la Kidawida waliununua, wakaucheza, na hadi leo wapo wanaouimba kwa kubahatisha maneno huku wakiwa wamefumba macho.

Huo si wimbo wa matanga. Una tarumbeta, una gitaa la kuchezeka, na unapigwa harusini bila mtu kuuliza. Lakini anayeujua mkasa wa 1972 hausikii kama anavyousikia asiyeujua. Ubaya wa safari ukitajwa na mtu aliyezika wenzake waliokufa safarini, hautajwi kimzaha. Hapo ndipo swali langu la leo linapoanzia: wimbo unaweza kufanya nini mbele ya kifo, hasa kile kisichopiga hodi? Nasema unaweza kufanya mengi, ila kwa sharti moja ambalo wahenga walilitaja zamani: kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Nyimbo zetu nyingi za msiba siku hizi zinaanzwa na wa mbali, na ndiyo maana hazitufiki.

Sisi wa Voi tuna sababu ya kulifikiria jambo hili kuliko wengi. Mji wetu ni njia panda. Barabara kuu ya Mombasa na Nairobi inaupitia, reli ya mkoloni na ile ya SGR iliyozinduliwa mwaka 2017 zote zina stesheni hapa, na barabara ya Mwatate na Taveta inachomokea hapa kuelekea mpaka wa Holili. Usiku kucha matrela yananguruma. Ukitokea Mombasa, kabla hujafika Maungu, unalipita kaburi la Sayyid Baghali pale Mackinnon Road, ambapo wasafiri wengi husimama kuomba wafike salama. Hata kabla ya magari, mwaka 1898, simba wawili waliwavamia wajenzi wa daraja la reli kwenye mto Tsavo mpaka kazi ikasimama. Takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti yetu ni mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na ndovu hajui mpaka wa mbuga uko wapi. Mtu anakwenda shambani asubuhi na harudi. Kijana anashuka kwenye shimo la kuchimba vito na udongo unamfunika. Hapa ajali haina kinga si methali ya mtihani wa shule. Ni maneno tunayoambiana mlangoni mwa mochari.

Kifo cha ghafla si sawa na kile kinachokuja polepole. Mzee anayeugua kwa miezi huacha wosia, husema nani anamdai na yeye anamdai nani, huwabariki wajukuu mmoja mmoja, na siku anapokata roho watu wake hulia, ndiyo, lakini walishaanza kuagana. Aliyekufa ghafla hakuagana na mtu. Ameacha chai kikombeni, shati kwenye kamba, ujumbe wa simu ambao haujajibiwa. Wafiwa hunyang'anywa mtu wao, na tena hunyang'anywa muda wa kumuaga. Ukiwasikiliza vizuri, maneno yao yote yanazunguka hapo: jana tu tulikuwa naye, asubuhi aliniambia atapitia sokoni, mbona hakusema.

Sasa wimbo ni kitu gani, kama si muda uliopangwa? Hotuba inaweza kufupishwa na taarifa ya kifo hukaa kwenye mistari miwili, lakini wimbo lazima uimbwe kwa urefu wake, na kiitikio lazima kirudi. Kule kurudi kwa kiitikio, ambako mtu mwenye haraka hukuona ni kujirudia bure, ndiko kunakomfaa mfiwa, kwa sababu akili yake nayo inarudi palepale. Mwanzo anaitikia kwa mdomo. Kiitikio kikija tena, anasikia alichokisema. Baadaye ndipo machozi yanatoka. Yale maagano yaliyokosekana yanapatikana kwa kuchelewa, mbele ya watu, na kwa sauti ambayo hahitaji kuitunga mwenyewe.

Tunao waliofanya kazi hiyo kwa Kiswahili, kila mmoja kwa njia yake. Wa kwanza ni Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa "Al-Inkishafi" mwanzoni mwa karne ya 19, utenzi ambao tangu zamani umeghaniwa kwa sauti. Mji wa Pate ulikuwa umefifia, majumba ya matajiri yamekuwa magofu. Mtu mwingine angepanda mimbari akawakaripia watu kwa kupenda dunia. Sayyid Abdalla anausemesha moyo wake mwenyewe. Anaukanya, anauuliza, anauonyesha vyumba vitupu vilivyokuwa na taa na wageni, na sisi tunasikiliza kama watu waliopita dirishani wakasikia mtu akijisuta. Ni mawaidha makali kuliko mengi, lakini hayatuudhi, kwa kuwa aliyeanza kulia ni yeye.

Wa pili ni Shaaban Robert katika shairi lake "Amina", alilomwombolezea mkewe. Humo hakuna falsafa ndefu juu ya kifo kwa jumla. Kuna mwanamke mmoja mwenye jina, na mume anayesema naye kana kwamba yuko chumba cha pili. Watoto wa shule wa Kenya na Tanzania wamelisoma shairi hilo kwa vizazi, wakiwa hawajaoa wala kuolewa wala kufiwa, na bado linawashika. Jina la mtu mmoja limewafungulia mlango watu ambao hawakumjua.

Wa tatu ni Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu huko Kongo mwaka 1947 na kufa Dar es Salaam mwezi wa Desemba 2010. Katika wimbo wake "Kifo" anakikabili kifo chenyewe, anakilaumu kwamba hakina huruma, na huku magitaa ya bendi yake ya Super Matimila yanakwenda kwa mwendo wa dansi. Nimeona watu wazima wakiucheza wimbo huo taratibu, vichwa vimeinama. Padri anaweza kusema kwamba kukilaumu kifo ni kukosa subira. Mimi naona ni uaminifu. Aliyefiwa leo asubuhi ana hasira, na wimbo unaojifanya hauioni hasira hiyo unamwacha peke yake nayo.

Tena angalia kwamba si kila wimbo wa kupoteza unalingana na huu. "Malaika", uliopelekwa kote duniani na Miriam Makeba baada ya kurekodiwa na mwana mwingine wa Taita, Fadhili William Mdawida, ni wimbo wa kumkosa mtu aliye hai. Kijana hana mali ya kuolea. Uchungu wake ni mkubwa, lakini una dawa: kesho akipata pesa, mambo yatabadilika. Wimbo wa kifo hauna kesho ya namna hiyo. Mtunzi wake hana cha kuahidi, na akijidai anacho, msikilizaji atamjua.

Hapa nitaambiwa: vipi basi nyimbo za kanisa, ambazo ahadi ndiyo kazi yake? Nchi yetu ya Taita imeimba nyimbo hizo tangu Wamisheni wa CMS walipofika Sagalla mwaka 1883 na Wakatoliki wakajenga Bura mwaka 1892. Hakuna maziko ya Wakristo kutoka Kasighau hadi Werugha bila tenzi. Sina ugomvi nazo, na mfano wangu mzuri kuliko yote unatoka humo humo. "Ni Salama Rohoni Mwangu" huimbwa makaburini kwetu kwa utulivu kiasi kwamba mtu angedhani uliandikwa na mtu ambaye hajawahi kupatwa. Uliandikwa na Horatio Spafford, wakili wa Chicago. Mwezi Novemba 1873 mkewe na binti zao wanne walikuwa wakivuka bahari ya Atlantiki kwa meli ya Ville du Havre. Meli ikagongana na nyingine, ikazama kwa dakika chache. Mke aliokolewa. Mabinti wote wanne walizama. Maneno ya wimbo yalitoka kwa baba huyo. Aliyeutilia sauti, Philip Bliss, aliipa sauti hiyo jina la meli iliyozama, na mwezi wa Desemba 1876, mwaka ule ule wimbo ulipochapishwa, yeye na mkewe walikufa katika ajali ya treni huko Ashtabula, jimbo la Ohio.

Kwa hiyo aliyesema rohoni ni salama alikuwa mfiwa. Alilipia neno hilo kabla ya kulisema. Ndiyo sababu linavumilika mdomoni mwa mama aliyempoteza mwanawe kwenye barabara ya Mombasa. Lile lile lingesemwa na mgeni aliyekuja na gari la serikali, angeonekana anamnyamazisha. Faraja haiko katika maneno peke yake. Iko katika kujua nani ameyatoa na yamemgharimu nini.

Nieleze nilichokiona Mbololo, kwenye maziko ya kijana wa bodaboda. Hema lilikuwa limepigwa tangu Ijumaa, viti vya plastiki vimepangwa, spika mbili kubwa zimewekwa kila upande wa jeneza. Kijana wa kinanda alikuwa na nyimbo zake tayari kwenye kompyuta, za kusifu kwa kasi, na kati ya wimbo na wimbo aliingiza matangazo: gari nambari fulani litolewe njiani, mheshimiwa yuko njiani anakuja. Watu walikaa. Wengine walitazama simu. Mama wa marehemu alikuwa ameketi mbele, leso imekunjwa mara nne mkononi, haangalii kitu. Mara jenereta ikakata. Spika zikanyamaza, kijana wa kinanda akatoka mbio kutafuta petroli. Kimya kile kilikuwa kizito.

Shangazi wa marehemu, mwanamke wa makamo aliyekuwa akimenya viazi nyuma ya nyumba tangu alfajiri, akaja akifuta mikono kwenye kanga. Hakushika kipaza sauti, hakikuwepo cha kushika. Akaanza kwa Kidawida, chini chini, akimwita kijana kwa jina la utotoni, akimuuliza kwa nini amemwachia bibi yake kuni za kupasua. Wanawake wakaitikia. Akataja pikipiki. Wakaitikia. Akataja deni la mkopo wa pikipiki, na hapo watu wakacheka kidogo huku wanalia, kwa sababu kila mtu alijua namna alivyokuwa akihesabu siku za kulimaliza. Mama akainua kichwa. Kisha akaitikia naye, kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ikasikika. Petroli ilipopatikana, mzee mmoja alimwashiria kijana wa kinanda asiwashe.

Ule ndio wimbo unaochunguza kifo. Haukuwa na nadharia. Ulikuwa na kuni, pikipiki na deni. Mtunzi wake alikuwa mfiwa, na kila mtu akapata pa kuingilia. Angalia pia kwamba haukukimbilia mbinguni. Ulikaa duniani kwanza, kwenye vitu alivyoviacha kijana, mpaka watu wakakiri kwamba kweli hayupo. Mahubiri yalipokuja baadaye yaliwakuta wamekwisha kufunguka, na mchungaji mwenyewe alisema machache.

Wadawida wa kale waliujua mwendo huu wa polepole kwa njia yao. Marehemu alizikwa, na baada ya muda wa kutosha fuvu lake lilifukuliwa na kuwekwa pangoni pamoja na mafuvu ya wazee wa ukoo. Baadhi ya mapango hayo yako hadi leo, milimani kwetu. Leo ni wachache wanaotaka kuirudia desturi hiyo, na dini zetu haziiruhusu. Lakini wazo lililokuwa ndani yake ni zito: mtu hazikwi mara moja. Mara ya kwanza mnauzika mwili, kwa sababu hauwezi kungoja. Mara ya pili, mkiwa mmetulia, mnampeleka mahali pake miongoni mwa waliotangulia. Maziko yetu ya sasa yana ile ya kwanza tu. Jumamosi mchana tunafukia, jioni hema linafungwa, Jumapili kikundi cha WhatsApp cha michango kinavunjwa. Ile ya pili imeachiwa wimbo. Mtu anausikia kwenye matatu miezi sita baadaye, anageuza uso dirishani, na hapo ndipo anapomzika mtu wake kwa kweli.

Wimbo hufanya kazi hiyo hata pale ambapo hakuna kaburi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia nchi yetu ilikuwa uwanja wa mapigano, Salaita na Latema, Maktau na Taveta. Askari waliokufia upande wa Mwingereza wana makaburi yaliyotunzwa vizuri Voi na Taveta, majina yamechongwa kwenye mawe yaliyonyooka. Mwaka 1915 Mwingereza huyo huyo aliwashuku watu wa Kasighau kwamba wamewasaidia Wajerumani, akachoma nyumba zao na kuwahamishia Malindi. Wengi walikufa huko kwa maradhi na njaa. Walioruhusiwa kurudi walirudi miaka ya 1930, baadhi yao watu wazima waliokuwa watoto walipoondoka. Hao waliokufia pwani hawana jiwe. Wapagazi waliobeba risasi na unga hadi wakaanguka njiani hawana jiwe. Kitu pekee ambacho maskini anaweza kumwachia maiti wake bila kununua saruji ni jina lake kutajwa kwa sauti. Tukiacha kulitaja, tumemzika bila alama.

Kuna jambo lingine ambalo wimbo hulifanya na hakuna sanaa nyingine inayolifanya vizuri hivyo. Mwezi Januari 1979 mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe wa bendi ya Super Volcano alikufa Mombasa baada ya ajali ya gari, akiwa hajafika miaka 35. Nyimbo zake hazikubadilika hata noti moja. Sahani zilikuwa zile zile, gitaa lile lile. Waliobadilika ni wasikilizaji. Wimbo wa mapenzi aliouimba kwa utani ukawa wimbo wa marehemu. "Shida", aliouimba akiwa hai na mashabiki wake wakiwa ukumbini, ukaanza kusikika kama ametabiri, ingawa hakuwa nabii. Kwa hiyo wimbo hauhitaji kutaja kifo ili utufundishe kifo. Sauti ya mtu inabaki imejaa uhai, na mwenye sauti hayupo, na sikio lako linayabeba yote mawili kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo hali yenyewe ya kufiwa: aliyekufa yu hai kichwani na hayupo mezani. Kifoto naye alifariki mwaka 2011, na tangu hapo "Charonyi ni Wasi" umeongezewa uzito mwingine ambao yeye hakuuweka.

Wapo wanaopinga. Wa kwanza ni watu wa dini, na hoja yao naiheshimu. Katika Uislamu kuomboleza kwa kupiga mayowe na kujipiga kumekatazwa, na majirani zangu Waislamu wa Voi huzika mapema, kwa utulivu ambao Wakristo tungeweza kujifunza. Lakini machozi hayakukatazwa: Mtume mwenyewe alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Na dua zinazosomwa kwa pamoja baada ya maziko, kwa sauti moja inayopanda na kushuka, huwapa wafiwa kile kile ninachokisema, yaani muda na watu wa kuitikia nao. Kinachokataliwa ni fujo. Wimbo ni kinyume cha fujo. Unachukua kilio na kukipa mwanzo na mwisho.

Wa pili husema kwamba nyimbo za huzuni hukwangua kidonda, na kwamba mfiwa anahitaji kuchangamshwa. Hawa nawapinga bila kusita. Aliyefiwa ghafla hajui kama ana kidonda, amekufa ganzi. Ukimpigia muziki wa kurukaruka siku ya pili, unamwambia kwamba huzuni yake inakuchosha. Atavaa tabasamu kwa ajili yako, kisha atalia peke yake usiku, na kilio cha peke yake ndicho kinachoua.

Wa tatu hawasemi kwamba wanapinga, lakini ndio wanaoharibu zaidi. Kila akifa mtu maarufu, kabla mwili haujafika nyumbani tayari kuna nyimbo tano mtandaoni, kila moja na picha ya marehemu na namba ya kuifanya mlio wa simu. Zote zinasema alikuwa shujaa, zote zinasema pengo lake halizibiki. Badilisha jina na utautumia wimbo huo kwa mwingine mwezi ujao. Wakubwa nao wameyafanya maziko kuwa jukwaa. Kwaya inakatizwa ubeti wa pili ili mheshimiwa awahi maziko mengine, na anapomaliza ameongea dakika arobaini juu ya uchaguzi. Wa mbali ndio wanaoanza kulia, na mfiwa anangojea zamu yake kwenye msiba wake mwenyewe.

Nawaambia watunzi wetu, na ninajua vipaji mnavyo: mkiombwa wimbo wa msiba, msianze na kifo. Nendeni nyumbani kwa wafiwa, kaeni, ulizeni marehemu alikuwa anapenda kukaa kiti gani, alikuwa anamwitaje mdogo wake, alikuwa anadaiwa nini. Wimbo mzima umo humo. Ubeti mmoja wenye kitu kimoja cha kweli unazidi beti kumi za pengo lisilozibika. Acheni swali lisilo na jibu libaki swali. Kiitikio kiwe kifupi kiasi kwamba mtu anayelia anaweza kukiimba.

Nawaambia wachungaji, maimamu na wazee wa mitaa: ratiba ya maziko ni yenu. Wekeni nusu saa ambayo haina kipaza sauti, haina mheshimiwa, haina matangazo. Wapeni shangazi na dada. Hamtapoteza kitu, na mahubiri yenu yatasikika zaidi baada ya hapo.

Na serikali ya kaunti, ambayo kila mwaka hutaja utamaduni kwenye hotuba, ina kazi isiyohitaji jengo wala zabuni. Ngoma ya mwazindika huchezwa mbele ya wageni na kupigwa picha, na ni vyema. Lakini nyimbo za kuombolezea za Wadawida, Wasaghala, Wakasighau na Wataveta hazichezwi jukwaani, kwa hiyo hakuna anayezihifadhi. Wanaozijua kwa ukamilifu ni akina nyanya wenye umri mkubwa, na wao nao hawatangoja bajeti. Zirekodiwe kwa ruhusa yao, ziandikwe kwa lugha zao, zipelekwe redio za hapa na shule za hapa.

Wewe msomaji huhitaji kuingoja kaunti. Kama nyanya yako yuko hai Mwanda, Mgange, Sagalla au Challa, panda gari wikendi hii, chukua simu hiyo unayosomea gazeti, umwombe akuimbie walichomwimbia mama yake siku alipozikwa. Mwache alie akitaka. Usimkatize.